Mjomba Anashinda Wapi?

Mtaani kwetu Nkuhungu, jua likianza kuinamia upande wa Singida, salamu hubadilika. Asubuhi ni "umeamkaje", jioni ni "umeshindaje". Mama anayeuza mlenda kibarazani humuuliza fundi baiskeli, fundi humuuliza dereva wa bajaji, na kila mmoja ana la kujibu: kazi ilikuwepo, hela hakuna, vumbi limetumaliza, tunamshukuru Mungu. Kwa miaka mingi sikugundua kwamba mdogo wangu haulizwi. Yeye husalimiwa "hujambo" kama mtoto wa chekechea, au mtu humtazama yeye huku akimuuliza mama, "Na huyu naye hajambo?" Hakuna aliyemuuliza ameshindaje kwa sababu jibu lilijulikana. Alishinda palepale alipoamkia.

Ana miaka 38, na ana ulemavu wa akili. Wanangu humwita Mjomba, na kwa kuwa watoto wa mtaa hufuata wanachosikia, sasa ni Mjomba wa mtaa mzima. Nami nitamwita hivyo hapa.

Alizaliwa kijijini, upande wa Chamwino, baada ya mama kukaa na uchungu kwa siku mbili. Alichelewa kulia. Wazazi wengi niliowafahamu huanza simulizi zao kwa maneno hayo mawili, nayo yana maana yake kitabibu: ubongo wa mtoto ukikosa oksijeni wakati wa kuzaliwa, hata kwa dakika chache, unaweza kuumia na usirudi kama ulivyotakiwa kuwa. Wengine katika kikundi chetu, kinachowakutanisha watu wazima kama yeye, wana historia tofauti. Yupo aliyeugua malaria ya kichwa akiwa na miaka mitatu. Degedege lilipomshika alipelekwa kwanza kwa mganga, hospitali baadaye. Wapo wawili wenye hali iitwayo Down, waliozaliwa na kromosomu ya 21 ikiwa nyuzi tatu badala ya mbili. Na wapo ambao hakuna anayejua sababu, na mama zao wamechoka kuulizwa.

Maneno nayo yana kesi yake, maana yamemtesa mama kuliko kazi ya kulea. Taahira. Zezeta. Punguani. Waliotaka kuwa na adabu walisema mtindio wa ubongo, neno ambalo watu hulitumia pia kwa mtoto ambaye akili yake ni timamu kabisa ila misuli haimtii. Siku hizi tunasema ulemavu wa akili, na ninalipenda neno hili kwa sababu linamtenga mtu huyu na mgonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata yeyote kati yetu, akiwa na miaka 20 au 60, na una matibabu. Ulemavu wa akili huanza mtu angali anakua: anajifunza polepole, anahitaji msaada katika mambo ambayo wengine huyafanya bila kufikiri, kama kuhesabu chenji, kuvuka barabara au kujua leo ni siku gani. Hauponi kwa vidonge. Lakini mtu mwenyewe anaendelea kujifunza maisha yake yote, na hapo ndipo kesi yangu yote ilipo.

Hapa Dodoma mkanganyiko huo una jengo lake. Hospitali ya Mirembe, ya wagonjwa wa akili, ipo tangu 1927, na nchi nzima jina lake limegeuzwa kuwa tusi la kumtania mtu. Basi mwaka 1999 majirani walimshauri mama ampeleke Mjomba huko. Walipanda lori la mahindi alfajiri, wakasubiri mpaka saa nane mchana. Daktari kijana aliwasikiliza bila haraka, akamuuliza Mjomba maswali yeye mwenyewe, kisha akasema, "Mama, mwanao haumwi. Sina dawa ya kumpa. Anachohitaji ni mtu wa kumfundisha na kitu cha kufanya kila siku." Mama alirudi amevunjika moyo, kwa kuwa alikwenda kutafuta vidonge. Nimekuja kuelewa karibu miaka ishirini baadaye kwamba alikuwa ameandikiwa dawa, ila hapakuwa na duka linaloiuza.

Shule alisoma. Palikuwa na kitengo cha elimu maalumu katika shule moja ya msingi, na mwalimu wake alikuwa mtu wa subira ya ajabu. Alimfundisha kufua, kufunga vifungo, kuandika herufi ya kwanza ya jina lake, kusubiri zamu. Alipofika miaka 17 mama akaitwa, akaambiwa kijana amekuwa mkubwa, hawezi kuendelea kukaa na watoto. Ni kweli alikuwa mkubwa. Lakini ndugu zake wengine walipomaliza shule walipewa cheti na swali la "sasa unaenda wapi?" Yeye alipewa mkono, na mama akaambiwa Mungu atawasaidia.

Vipo vyuo vya ufundi stadi kwa watu wenye ulemavu, kama kile cha Yombo kule Dar es Salaam na cha Sabasaba Singida, na vimewatoa watu wengi mbali. Lakini mtu husoma chuoni kisha hurudi nyumbani, na wako ambao chuo hakitawafaa. Ninachosema ni kile kinachokuja baada ya shule na baada ya chuo: siku za kawaida, Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa miaka arobaini.

Nilikuja kuona siku hizo zilivyokuwa mwaka 2015. Nilikuwa nimeolewa, nafanya kazi mjini, kijijini nakwenda sikukuu kwa sikukuu. Safari ile sikutoa taarifa. Nilifika saa nne asubuhi, mlango wa nje una kufuli. Nikadhani wote wako shambani. Nikakaa chini ya mbuyu kuwasubiri, na ndipo nikasikia mtu anaimba ndani. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, mstari mmoja, anaurudia. Nilimwita kwa dirisha. Akaja, akaweka kiganja chake kwenye wavu, akaniambia, "Dada, mama amekwenda. Nakaa."

Mama alirudi saa tisa na jembe begani. Hakujitetea. Alinisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", akafungua kufuli, akaweka ufunguo juu ya kizingiti mahali pake, kisha akaniambia kwamba mwaka uliotangulia Mjomba alitoka akaenda hadi relini, kilomita sita, kwa kuwa anapenda treni. Wakamkuta amelala kwenye mawe ya reli. "Nikimwacha wazi nitamzika, mwanangu. Nikikaa naye hatutakula." Nimesikia watu wakiwaita mama wa namna hii wakatili, na nimesoma taarifa za habari zenye picha za milango kama ule. Ninakiri kwamba mlango ule ulinitoa machozi. Lakini mama yangu hakuwa na njia ya tatu. Kwa wenye mabinti ni vigumu zaidi. Binti mwenye ulemavu wa akili akiachwa peke yake anaweza kudhulumiwa na mtu anayemfahamu, na asiweze kueleza, na akieleza asiaminiwe. Kina mama wanalijua hilo, kwa hiyo wanafunga.

Kwa hiyo swali la Mjomba anashinda wapi lilikuwa pia swali la mama anashinda wapi. Mtu mmoja akifungiwa, wamefungiwa wawili.

Nilimchukua Mjomba mwaka 2017, mama alipoanza kuugua shinikizo la damu. Nilifikiri mjini kutakuwa na mahali pa kumpeleka mchana. Watu wa Dodoma tumezoea kuona huduma kwa watu wenye ulemavu: kila mtu anaijua shule ya wasioona ya Buigiri. Nilizunguka miezi mitatu. Kila nilipoulizia niliambiwa habari za watoto. Nikisema ana miaka 30, mtu aliyekuwa akinisikiliza alikuwa anafunga daftari.

Aliyetutoa ni mwalimu mstaafu wa elimu maalumu, anayeishi mitaa miwili kutoka kwetu. Sitamtaja, mwenyewe hapendi. Alitukusanya familia sita, akatuambia tusianze kutafuta wafadhili wala kuchonga mhuri. Tutafute ua wenye kivuli na choo kinachofungwa vizuri, na tukubaliane siku. Mzazi mmoja alitoa ua wake. Tukaanza na viti vya plastiki na ndoo ya maji ya kunawa.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Watu wazima sita waliokaa ndani miaka na miaka hawakujua kukaa na wenzao. Mmoja alilia kila asubuhi. Mmoja alikuwa anavua shati. Mjomba alikaa mlangoni, uso nje, akisubiri kurudishwa. Mwalimu hakuwalazimisha kitu, ila alifanya mambo yaleyale kwa mpangilio uleule: salamu kwa kushikana mikono, kunawa, chai, kazi, wimbo, chakula, kufagia, kuagana. Alichora picha nane kwenye kadibodi akazipanga ukutani, na kila jambo likiisha mmoja wao anaigeuza picha yake. Mwezi wa pili yule aliyekuwa analia ndiye aliyekuwa anageuza.

Kazi yetu kubwa ni ubuyu. Kiangazi vibuyu vinashuka kutoka vijijini kwa bei nzuri, na kazi yenyewe inakatika vipande vipande kama vile ilitengenezwa kwa ajili yetu. Mmoja anapasua kibuyu kwa jiwe. Mmoja anatoa nyuzi. Mmoja anatwanga kidogo ili unga uachane na mbegu, mmoja anachekecha, mmoja anapakia. Hakuna anayehitaji kujua kazi yote. Mwalimu alinifundisha jambo ambalo sasa nalitumia hata nyumbani: mtu akishindwa, usimwangalie yeye kwanza, iangalie kazi. Walishindwa kusoma mizani. Badala ya kuhitimisha kwamba hawawezi kupima, alichukua kopo, akapima nusu kilo mara moja, akachora mstari mwekundu kwa rangi ya kucha. Unga ukifika kwenye mstari, basi. Walishindwa kuhesabu pakiti. Akaleta trei la mayai. Lina mashimo 30. Kila shimo pakiti moja ndogo, trei likijaa wanalibeba wanaliweka kwenye boksi, na mfanyabiashara wa soko la Majengo anayenunua kwetu hajawahi kupata pungufu.

Mjomba anachekecha. Ana mkono mzuri, hamwagi. Ukimsemesha akiwa kazini hakujibu.

Sasa wako kumi na mmoja, mkubwa ana miaka 47. Wanne wana kifafa pia, jambo la kawaida kwa watu wenye ulemavu wa akili, kwa hiyo kila anayekuja kusaidia hufundishwa siku ya kwanza: mtu akianguka mlaze ubavu, mwondolee vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni, angalia saa, ikipita dakika tano bila kukoma tafuta usafiri wa hospitali. Daftari la dawa liko kwenye msumari karibu na mlango.

Na wanavuka barabara. Hili nilipinga sana. Barabara ya Singida ina malori, na mimi nina ile picha ya reli kichwani. Mwalimu aliwafundisha watatu, Mjomba akiwemo, kwa wiki kumi. Kwanza walisimama tu kando wakiangalia. Kisha walivuka wakishikwa mkono, kisha akishikwa mmoja anayewaongoza wenzake, kisha Mwalimu akiwa hatua tano nyuma. Leo wanavuka wenyewe kwenda kununua sukari na majani ya chai. Mjomba husimama, hutazama kulia, kushoto, kulia tena, na akiona gari hata liko mbali kama Kizota hasogei. Madereva wa bajaji wamemzoea, husimama wakampungia mkono. Muuza duka naye amejifunza kumrudishia chenji kwa kuihesabia kiganjani mwake badala ya kumpa dada yake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kituo chetu kihamishiwe mahali penye ukuta mrefu, nje ya mji, kwenye utulivu. Utulivu wameshaupata wa kutosha. Wakikaa mbali, muuza duka atajifunza lini?

Huwa nashauriana na wageni wanaotutembelea kuhusu pipi. Watu wenye nia njema huja na pipi, mipira na vitabu vya kupaka rangi, na huwaita "watoto". Mwenye miaka 47 ana mvi. Wawili wanavaa suruali za marehemu baba zao. Nawaomba wageni wawasalimu kwa mkono, wawaite kaka, dada, mama mdogo, mjomba, kama wanavyowaita wengine wa umri huo, na kama wanataka kutusaidia, waweke oda ya ubuyu.

Mwaka 1969 Msweden mmoja, Bengt Nirje, aliandika jambo ambalo lilibadilisha huduma hizi katika nchi nyingi. Alisema mtu mwenye ulemavu wa akili anastahili mwendo wa siku ulio sawa na wa wenzake: kuamka, kuvaa, kulala mahali pamoja na kufanya kazi mahali pengine, kuwa na siku ya kazi na siku ya mapumziko. Wakati huo huko kwao wengi waliishi kwenye mabweni makubwa ambako walilala, walikula na walishinda chini ya paa moja. Nilipokutana na mawazo hayo nilikumbuka kufuli la mama. Sisi tulijisifu kwamba hatuwatupi watu wetu, tunaishi nao nyumbani, na ni kweli, undugu ni nguzo kubwa. Lakini nyumba ambayo mtu haondoki haina tofauti kubwa na lile bweni. Mjomba alikuwa kwenye bweni la mtu mmoja, na mlinzi alikuwa mama yangu, naye alikuwa hajalipwa wala hajapumzika kwa zaidi ya miaka kumi.

Kwenye karatasi, haki hii tunayo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 19 inazungumzia kuishi ndani ya jamii na kupata huduma zinazomwezesha mtu asitengwe. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu, na inaweka kamati mpaka ngazi ya mtaa. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya hizo kumi, mbili ni za watu wenye ulemavu.

Tuliufuatilia mkopo huo. Katika ofisi moja tuliulizwa, mbele yao, "Hawa watarejesha kwa akili gani?" Sikuweza kulala usiku ule. Lakini nikimweka pembeni yule aliyeuliza, naona mkopo hautatosha hata ukitolewa kwa heshima. Kati ya wale kumi na mmoja yupo dada mmoja ambaye hawezi kushika kopo. Analetwa na bajaji, anawekwa kivulini, anasikiliza nyimbo, akisikia sauti ya mtu anayempenda anacheka. Hazalishi pakiti hata moja. Mkopo unamwona mzalishaji, haumwoni yeye. Na mama yake ndiye, kati yetu wote, aliyekuwa anahitaji zaidi zile saa sita ambazo binti yake yuko kwetu. Sasa anauza vitumbua asubuhi na ameanza kutibiwa mgongo. Tunachohitaji ni kifungu kwenye bajeti ya halmashauri kinacholipa vitu viwili visivyo na faida ya fedha: posho ya wasaidizi wawili na nauli. Bajaji ndiyo gharama yetu kubwa. Ua tunao, kivuli tunacho, kazi wanaijua. Walioacha kuja, wote watatu, waliacha kwa sababu ya nauli.

Mama alikuja kututembelea mwaka jana, mwezi wa Julai, upepo wa Dodoma ukivuma mpaka unafunga macho. Tulikuwa uani jioni wakati Mjomba anarudi. Aliingia na mfuko wake mgongoni, miguu myeupe kwa vumbi na unga wa ubuyu. Mama akamwangalia muda mrefu. Kisha akamuuliza, "Mwanangu, umeshindaje?"

Alikaa chini kwanza, akavua viatu. Akamwambia mama kwamba trei zilikuwa nne, kwamba yule wa kupasua amejigonga kidole na kimefungwa kitambaa, kwamba chai haikuwa na sukari, na kwamba alipofika barabarani lilikuja basi kubwa, akalisubiri. Alichukua muda, maneno yake hutoka moja moja. Mama hakumkatisha.

Tunakutana Jumatatu, Jumatano na Alhamisi. Ndizo siku tunazoweza kulipia. Nimemweleza Mjomba mara nyingi, nimemchorea hata picha, na Mwalimu amemweleza. Lakini Jumanne na Ijumaa asubuhi huamka saa kumi na mbili kama kawaida, hunawa, huvaa shati lake la kazi, hubeba mfuko, na nikitoka kwenda kazini namkuta amesimama getini, ameangalia njia ya bajaji.

Huwa anasimama mpaka saa tano hivi.